Kocha kasoma rangi za mandala yangu, akaniambia niache vidonge

SWALI: Asalam aleykum mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa msingi hapa Tanga, miaka 34. Nina miezi miwili nachora mandala, ile michoro ya duara yenye mapambo yanayojirudia, jioni kwa ajili ya mawazo na kukosa usingizi, na inanituliza kweli. Nikatuma picha kwenye grupu la WhatsApp, kocha mmoja wa humo akasema nyekundu imezidi upande wa kushoto, maana yake nishati imefunga na nina tatizo la kizazi. Kaniambia niache vidonge vya mawazo nilivyopewa kliniki, ninunue mandala yake ya laki na ishirini niweke chini ya mto. Sijainunua bado ila vidonge nimeacha siku 9, usingizi ndo umezidi kupotea na nasikia kizunguzungu, yeye anasema ni sumu inatoka. Nitumie rangi gani? Na maduara yangu yanapinda, mafungu hayalingani, je ndo maana haifanyi kazi?

JIBU: Waaleykum salaam mwalimu. Naanza na vidonge maana ndo vimenifanya nikujibu wewe kabla ya wengine wote. Kizunguzungu na usingizi kuzidi kupotea baada ya kukata ghafla vidonge vya mawazo sio sumu inatoka, ni mwili ulishazoea dawa alafu umenyang'anywa siku moja, jambo hili linajulikana miaka mingi na ndo maana daktari akitaka kukuachisha anapunguza dozi kidogo kidogo huku anakuangalia. Na usijirudishie mwenyewe kwa kumeza vya siku 9 kwa mpigo. Kesho asubuhi nenda kliniki iliyokuandikia, kama ni mbali basi hospitali ya Bombo, beba na pakiti, waambie ukweli umeacha lini na nani kakuambia.

Sasa hizo rangi. Mimi nafanya tiba kwa vitendo, yaani wagonjwa tunawatibu pia kwa kazi za mikono, na hili la kusomewa rangi linaniumiza kuliko yote ninayokutana nayo maana haupiti mwezi bila mtu kuja na picha kwenye simu ananiuliza ina ugonjwa gani. Picha haina ugonjwa! Tulikuwa na kijana mmoja wiki mbili nzima anapaka nyekundu tu, duara baada ya duara, anakandamiza mpaka karatasi inatoboka, mwanafunzi wa fildi aliyekuwa naye akaandika kwenye faili "hasira". Nikavuta kiti nikakaa naye nikamuuliza, mdogo wangu mbona nyekundu kila siku? Hakunijibu, akanisogezea kopo la makapeni. Nikashika bluu, imekauka. Kijani imekauka. Njano haina kifuniko wala wino. Iliyokuwa inaandika ni nyekundu peke yake, na alikandamiza kwa sababu nayo ilikuwa inaelekea kuisha. Tungemuanzishia matibabu ya hasira mtu ambaye shida yake ilikuwa kopo letu.

Tokea siku hiyo wanafunzi wote wanaopita kwangu nawaambia, uliza kwanza. Nyekundu kwako inaweza ikawa kanga ya marehemu mama, kwa mwingine ajali, kwa mwingine timu yake ya mpira, na mwingine ndo penseli iliyokuwa karibu na mkono. Anayekuambia rangi fulani upande fulani maana yake kizazi, bila kukuona, bila kipimo, huyo anabahatisha na mwili wako. Kizazi kinaangaliwa kwa vipimo hospitali.

Watu hawa wanapenda kujificha nyuma ya Carl Jung, yule daktari wa akili wa Uswisi. Jung alichora mandala yake ya kwanza 1916, na mwishoni mwa vita kuu ya kwanza alipokuwa anasimamia kambi ya wanajeshi wa Kiingereza huko Château-d'Oex akawa anachora kiduara kila asubuhi kwenye daftari ajione ndani yake yukoje siku ile. Alikuwa anajisoma mwenyewe. Ni kweli baadaye aliangalia na za wagonjwa, lakini wagonjwa wale alikaa nao akawasikiliza, hakurushiwa picha na mtu asiyemjua akarudisha jibu na bei.

Na hiyo ya kuweka chini ya mto inanisikitisha zaidi maana inawavunjia heshima wenyewe wenye nayo. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, duara, na lina mizizi kwenye dini za Kihindu na Kibudha. Watawa wa Tibet wanaitengeneza kwa mchanga wa rangi, wameinama siku nyingi, wakati mwingine wiki kadhaa, mchanga unashuka punje kwa punje kwenye kibomba chembamba cha chuma wanachokikwaruza taratibu, alafu ikishakamilika wanaifagia yote, rangi zote zinachanganyika zinakuwa kama majivu, wanaenda kuimwaga kwenye maji yanayotembea. Wanaifagia! Sasa mtu anakuuzia laki na ishirini uilalie ikutibu, hiyo kaitoa wapi.

Kinachokutuliza jioni kimepimwa, na ni kitu cha kawaida kabisa. Mwaka 2005 kule Marekani walichukua wanafunzi 84 wa chuo, wakawatia wasiwasi kwanza, kisha wengine wakapewa mandala wapake, wengine karatasi ya mistari iliyopishana kama kitambaa cha drafti, wengine karatasi tupu. Dakika 20. Wasiwasi ulishuka kwa wa mandala na wa drafti karibu sawa, wa karatasi tupu wakabaki nyuma. Watafiti wengine wakarudia 2012 na huko mandala ikaishinda drafti, kwahiyo bado wataalamu wanaliangalia. Ila ona, kilicholinganishwa ni mpangilio wa karatasi, hakuna aliyetibiwa na rangi. Na ni wasiwasi wa saa ile, sio ugonjwa wa miezi. Mpangilio unaoujua mwisho wake unaupa mkono kazi ndogo ndogo, sio rahisi ukaboeka wala ngumu ukakata tamaa, mawazo yanakosa nafasi kwa muda. Bibi anayeshona kawa la kufunikia chakula, ameanzia katikati anazungusha ukili rangi zinajirudia, yumo humo humo. Kama mandala inakukwaza kidini chora mpango wa kawa. Hata kule hospitali ya Lutindi, Korogwe, wagonjwa wa akili wanafanya kazi za mikono kama sehemu ya matibabu, sehemu nasema, dawa wanameza.

Kupinda hakuharibu chochote, lakini umeuliza. Chukua bikari ya watoto wa darasani kwako, chora duara, usibadilishe upana, simamisha ncha popote kwenye mstari, piga alama, hamia kwenye alama, endelea, ya 6 inarudi pale pale ulipoanzia na mafungu yote yanalingana. Ukitaka 12 gawa kila moja katikati. Huna bikari, geuza sahani upate duara, likate ulikunje mara tatu, mikunjo itakupa mafungu 8.

Ila siku ukiwa unachora ukaona moyo unaenda mbio au mambo ya zamani yanarudi kwa nguvu, weka penseli chini, nyanyuka, ongea na mtu. Kuna wanaotuliwa na ukimya na kuna ambao ukimya unawafungulia mlango mbaya.

Na nyie wengine mnaosoma, wadogo zangu, hizi grupu zimejaa, leo mandala, juzi ilikuwa mawe, kesho sijui nini, na njia yao ni moja, kwanza wanakupa kitu kizuri bure, kikishakutuliza wanakutafutia ugonjwa ndani yake, mwisho lipa namba. Tuna watu walikuwa wameshatulia, wanaenda kazini, wanapika, wakaambiwa dawa za hospitali zinaziba nishati wakaziacha, wamerudishwa kwetu na ndugu zao wamefungwa mikono kwa kanga. Mtu akikuambia acha dawa, muulize ukizidiwa saa nane usiku yeye atakuja kukuona wapi.

Mwalimu, nyekundu yako endelea nayo. Picha usitume tena kwenye grupu. Kuanzia leo usiku andika pembeni ya kila mandala umelala saa ngapi na umeamka mara ngapi, daftari hilo beba kliniki, daktari atalihitaji wakati wa kupanga dozi.