Majipu na dawa chache: maswali yenu ya leo

Swali: Nina jipu pajani, gumu, jekundu, linauma balaa ila halina kichwa. Huku nilipo dawa hakuna, nifanyeje?

Hilo halijaiva bado. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kanda dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, ama litanywea lenyewe ama litaiva lipasuke. Kitambaa hicho asitumie mwingine. Na usikamue jamani, unausukuma usaha ndani zaidi.

Swali: Nimemeza amoksilini siku tano jipu liko palepale, niongeze dozi?

Usiongeze. Majipu mengi yanaletwa na bakteria anaitwa stafilokokasi, na siku hizi wengi wao wanaivunja amoksilini kabla haijafanya lolote. Halafu hata upate dawa inayomuweza, ule mfuko wa usaha hauna mishipa ya damu ndani yake, sasa dawa ifike kwa njia gani? Jipu lililoiva tiba yake ni kupasuliwa usaha utoke, basi. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2016, wagonjwa wote walipasuliwa, wengine wakapewa septrini na wengine vidonge visivyo na dawa: wa septrini walipona kama 8 kati ya 10, wenzao kama 7. Dawa inasaidia ndio, ila kazi kubwa ilishafanywa na kisu. Kwa hiyo vidonge vikiwa vichache waanze wenye homa, wekundu unaosambaa, kisukari au kinga dhaifu.

Swali: Mimi ni mhudumu wa zahanati, gozi zimebaki chache na maji ya dripu yameisha. Nipasue au nisubiri?

Kama umefundishwa, pasua. Vifaa vichemke dakika 20, vaa glavu na kinga macho maana usaha huwa unaruka. Ganzi ichome kwenye ngozi ya juu na kuzunguka, usaha una asidi inayoidhoofisha, so mwambie mgonjwa mapema kwamba maumivu kidogo atayasikia. Kata tundu la kutosha, kijitundu kinajifunga haraka na usaha unarudi, halafu vunja vyumba vya ndani kwa kifaa butu na uoshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Jipu lisilozidi sentimita 5 si lazima ulijaze gozi, funika tu. Usishone! Mwangalie tena baada ya siku moja au mbili.

Swali: Nina wembe mpya nyumbani, nijipasue mwenyewe?

Hapana. Likipasuka lenyewe osha kwa maji na sabuni, funika, badilisha kitambaa kila siku. Yapo majipu ambayo hata mhudumu hagusi bila daktari: ya puani na mdomo wa juu (mishipa ya hapo inawasiliana na ubongo), shingoni, kwenye titi, kiganjani, karibu na njia ya haja kubwa. Uvimbe unaodunda kama mapigo ya moyo, hasa kinenani, unaweza kuwa mshipa wa damu, ukikata hapo damu haikamatiki. Ukiona homa na kutetemeka, au mistari myekundu inapanda, au maumivu makali kuliko jipu lenyewe linavyoonekana, tafuta usafiri siku hiyohiyo.

Swali: Mbona yangu yanarudi kila mara?

Pima sukari na VVU kwanza. Wembe na taulo visitumike na wawili, na acha kuchokonoa pua, bakteria huyu ndiko anakojificha.