Boriti za plafo zenye rangi ya zamani: kabla hujanunua verni

Ndugu, unasema nyumba yako ya Muhumba, hapa Bukavu, ni ya wakati wa Wabelgiji, boriti za plafo (dari) zimepakwa nyeupe, nawe unataka mti uonekane tena, uwe kahawia iliyokolea. Unauliza ununue verni (vanishi) gani. Hilo liache mwisho. Kwanza ujue mti huo umeshapakwa nini.

Rangi za miaka ile nyingi zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto zaidi. Kwa hiyo usikubali mtu apitishe mashine ya kusugulia kwenye rangi kavu. Lowesha, kwangua kwa mkono, vumbi uliokote kwa kitambaa kibichi; ufagio utalirusha tu.

Kisha tafuta vidanji, yaani oili chafu ya gari. Huku kwetu watu wanapaka mbao mafuta ya moteri yaliyokwisha kutumika ili mchwa usisogee, na mengine yamelala chini ya rangi miaka mingi. Ukishakwangua, pangusa kwa kitambaa chenye diliyanti, ile ya kuyeyushia rangi. Kikitoka cheusi kinanuka gereji, na cha pili hivyohivyo, usihangaike na rangi ya kupenya, ile inayoingia ndani ya mti bila kuufunika: itashika mabaka mabaka na verni itabaki inanata. Boriti kama hiyo mimi naivika mbao nyembamba, basi.

Muvula (mvule) nao una mafuta yake ya asili yanayochelewesha verni kukauka. Upanguse kwa diliyanti na upake muda mfupi baadaye. Ukiona unga laini unadondoka, choma hapo kwa msumari: ukizama bila nguvu, muite menizye (seremala), maana mpaka-rangi hana kazi hapo.

Papyevere (msasa) anza na namba 80, malizia 120, ukifuata nyuzi za mti. Mamenizye wanapenda kuendelea mpaka 240 ili uone kazi yao inavyoteleza. Kwa meza, sawa. Kwa boriti, mti unajifunga na rangi haiingii, tena nani atapanda juu kuipapasa?

Rangi ya kupenya ijaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Paka kwa kitambaa, si kwa pinso (brashi), la sivyo itakutiririkia mpaka kwapani. Baada ya dakika chache futa iliyobaki juu. Ile verni inayouzwa ikiwa na rangi tayari sipendi kabisa kwa kazi ya juu: kila mahali mipako miwili inapopandana panaacha mstari mweusi, na mwanga wa dirisha unauonyesha vizuri. Bora rangi peke yake, ikauke, halafu verni isiyong'aa, mikono (mipako) miwili myembamba. Plafo ikiwa chini, punguza ukahawia, chumba kitakuwa giza.

Ukiweza, ngoja kiangazi, Juni mpaka Agosti. Mvua ikirudi Septemba mti unavuta unyevu na kila mkono unachelewa.

Na ikiwa rangi au verni yako ina mafuta ya kitani, vitambaa ulivyopakia usivikunje ukavitupa kwenye kona: vinapata moto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje kimoja kimoja, au uvizamishe kwenye ndoo ya maji.