Uganda: elimu ya viungo ni lazima S1 na S2 (kidato cha kwanza na cha pili), silabasi ni ya NCDC

Mwalimu, umeuliza kama shule inajitungia silabasi ya elimu ya viungo, na kama mazoezi yanaweza kuunganishwa na uandishi. Hapana, shule haijitungii silabasi. Inatoka NCDC, kituo cha taifa cha kukuza mitaala, na kwenye mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 somo hilo ni la lazima S1 na S2, limo kwenye yale masomo 11 ya lazima pamoja na Kiswahili, mwanafunzi anaweza kuliacha akifika S3. Kwahiyo huyo hedimasta anayekwambia kipindi cha mazoezi ni cha hiari S1 anakosea kabisa.

Shule inachoandaa ni skimu ya kazi, leson plani na shughuli zenyewe, na hapo ndo unaweza kuunganisha mazoezi na uandishi kama ulivyouliza. Mi nafundisha viungo na Kiswahili. Juzi S1 wamekimbia raundi mbili uwanjani, kila mtu akashika kifundo cha mkono wa mwenzake akahesabu mapigo sekunde 15, wakazidisha mara 4, halafu tukakaa chini ya mwembe wakaandika aya moja ya Kiswahili kueleza mwili umefanya nini toka mwanzo mpaka pumzi imerudi, na kuna binti ambaye siku zote anaishia mistari miwili, siku hiyo kajaza ukurasa mzima, nilifurahi sana jamani! Aya hizo zitunze, ni ushahidi wa tathmini endelevu, maana UCE ya sasa, cheti cha kumaliza S4, 20% inatoka shuleni na 80% mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa.

Ila hii ni sekondari tu, primari viungo viko pamoja na sanaa.