Picha ni ya nani? Mi naanza na kile kiti

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Kati ya mchoraji na anayechorwa, picha ni ya nani?", na mlivyoweka mfano wa mchoraji Kirchner na wenzake wa Ujerumani, limenigusa pabaya maana nimeishi Dresden na hayo mambo yalianzia palepale. Ya umiliki waulizeni wanasheria. Mi nataka kusema nani alionekana na nani hakuonekana.

Kwa wasiofuatilia, mwaka 1905, mwaka uleule kwetu Wamatumbi wanang'oa pamba ya Mjerumani, vijana 4 waliokuwa wanasomea usanifu majengo, Kirchner, Heckel, Schmidt-Rottluff na Bleyl, walianzisha kikundi wakakiita Brücke. Modeli wa chuoni anayelipwa akaganda na pozi moja siku nzima hawakumtaka. Wakawa wanachora marafiki, wapenzi wao, watoto wa mtaani, kila robo saa pozi linabadilishwa ili mkono usipate muda wa kuremba. Na kweli zile picha zina moto wake, sibishi.

Ila twende kwa Fränzi. Katoto ka kike ka miaka kama 9 hivi, Kirchner, Heckel na mwenzao Pechstein wote wamemchora, studio na kule kwenye mabwawa ya Moritzburg, na baadhi ya picha hizo mi kama mzazi sitaki hata kuzieleza. Miaka nenda rudi vitabu vikawa vinasema yeye na yule Marzella, msichana mwingine waliyekuwa wanamchora, ni ndugu, kumbe sivyo. Jina kamili la Fränzi, Lina Franziska Fehrmann, limekuja kujulikana 1995 na mwenyewe alishafariki tangu 1950! Sasa itazameni ile ya 1910 iliyoko Madrid, amekaa mbele ya kiti alichochonga Kirchner mwenyewe, kina umbo la mwanamke. Kiti kimepakwa rangi ya ngozi ya mtu, mtoto uso wa kijani. Yaani kiti ndio mtu.

Na Milly na Sam je? Watu weusi, inasemekana wa sarakasi, Kirchner aliwachora na kuwapiga picha studio kwake. Picha ya Milly amelala, ya 1911, iko Bremen hadi leo, jina la ukoo hana.

Hapo ndipo mnapoelewa kwa nini nimeshika simu usiku huu, maana na mimi nimewahi kukaa nichorwe hivyohivyo. Nikiwa mwanafunzi hela imekata, rafiki akaniambia kuna darasa la jioni la watu wazima wanatafuta mtu wa kumchora, wanalipa kwa saa. Nikasema nguo sivui, wakasema sawa, ila mwalimu akauliza kama naweza kuja na "nguo za kwenu". Nikaenda na jinzi na sweta la mtumba nililonunua Ilala, si ndio nguo za kwetu hizo? Akacheka kidogo, akanikalisha kwenye stuli, hita iko upande mmoja tu kwa hiyo bega la kulia linaungua la kushoto linaganda, akasema robo saa robo saa, kama Kirchner. Robo saa mnaiona ndogo. Jaribu kukaa shingo imegeuka, pua inawasha, na mguu umekufa ganzi kabisa. Kulikuwa na bibi mmoja yeye jioni nzima kachora viatu vyangu tu, hakuinua macho, na nikiiuliza nafsi yangu namwona yule ndiye mwenye adabu kuliko wote. Mapumziko nikazunguka kuangalia. Kijana mmoja kanivalisha hereni kubwa za mviringo, mi hata masikio sijatoboa. Mwingine midomo sijui kaitoa wapi. Nikawa nimekasirika natafuta koti niondoke.

Halafu nikaona ya mzee mmoja wa nyuma kule, mkaa mtupu, mistari mibovu, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Lakini alikuwa ni mimi. Nimechoka vile mama anavyochoka tarehe za kodi, na hilo la kodi sikuwa nimemwambia mtu yeyote Dresden nzima. Yule mzee jina langu hakulijua na hakuliuliza. Nikarudi kwenye stuli.

Kwa hiyo sasa naandika huku najipinga, maana nilianza nataka kusema asiyejua jina lako hawezi kukuona, na si kweli. Milly sijui alijisikiaje pale studio, ila labda kuna robo saa moja alionekana sawasawa. Na Erna Schilling, mwenzi wa Kirchner, huwezi kusema alitumiwa tu, alikaa na Kirchner tangu Berlin, anachorwa, anamshughulikia mambo yake akiumwa, akawa naye mpaka Kirchner alipojiua 1938 huko Davos, Uswisi, baada ya Wanazi kuondoa kazi zake zaidi ya 600 kwenye makumbusho. Ile ilikuwa ndoa kasoro cheti.

Basi jibu langu, kama mnalazimisha, picha ni ya mchoraji, mradi aliyekaa pale ni mtu mzima, kalipwa, na mlango haujafungwa, angeweza kuchukua koti lake akaenda. Milly sijui mtamweka upande gani, miaka ile mtu mweusi Ujerumani angechukua koti aende wapi. Na Fränzi msimtie kabisa kwenye jibu hili. Mtoto wa miaka 9 hana koti la kuchukua, picha yake waitundike sawa, ila jina lote liandikwe na umri, kwa herufi kubwa kuliko ya Kirchner.