Mama, Wachezaji Wangu Wanatoka Kama Sisimizi

Barua za mwezi huu nyingine zimeandikwa kwenye karatasi ya daftari, nyingine ni sauti za simu ambazo binti yangu amenisaidia kuzinukuu. Nimechagua nne. Kwa msomaji mgeni: napiga picha za michezo hapa Mwanza tangu enzi za kamera za filamu, tulipokuwa tunahesabu picha 36 za mkanda mmoja kama mtu anayehesabu nauli ya kurudi nyumbani.

Shikamoo mama. Napiga picha za ndondo huku Igoma. Kamera yangu ni ya zamani, lenzi ni ile ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Wachezaji wanatoka kama sisimizi, na ikifika jioni wanatoka na ukungu. Nimeweka akiba laki nane. Niuze kamera hii nichukue yenye megapikseli nyingi? — Kijana wa Igoma

Marahaba mwanangu. Usiuze.

Uwanja kamili una urefu wa kama mita 105. Ukikaa nyuma ya goli, duara la kati liko mita 50 hivi mbele yako. Kwa kamera yenye sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga), kama tulizo nazo wengi, lenzi ya milimita 55 kwa umbali huo inameza kimo cha mita 13 na nusu. Mchezaji wa mita 1.75 anapata sehemu moja ya nane ya picha. Iliyobaki ni vumbi, mbingu na muuza mihogo. Sasa weka milimita 200 ukiwa umekaa pale pale: kimo kinashuka hadi mita 3.7, na mchezaji anajaza karibu nusu ya picha. Megapikseli zingekupa sisimizi anayeonekana vizuri zaidi, lakini ni sisimizi yule yule.

Kwa hiyo pesa yako iende kwenye lenzi. Kama kamera yako ni Canon, tafuta 55-250 iliyotumika. Ina gramu 375 tu, na chenji itabaki. Ukivumilia ukaongeza akiba, tafuta 70-200 yenye f/4 (namba ya f ni uwazi wa lenzi: ikipungua, mwanga unaoingia unaongezeka). Ile ya zamani ya Canon isiyo na kizuia mtikisiko ina gramu 705, na mtikisiko wa mikono si shida yako kubwa kwenye mpira, maana mtu unayempiga anakimbia. Wote wanaitamani yenye f/2.8. Ni kweli inapitisha mwanga mara nne ya f/5.6, ambayo ndiyo ya ile 55-250 ukiivuta mwisho, ila ina kama kilo moja na nusu, na bei yake inataka uuze na pikipiki.

Ukungu wa jioni nao una sababu yake. Mechi inaanza saa kumi jua likiwa kali, inaisha karibu saa kumi na mbili jua limechoka, na wewe hujagusa kitu. Kamera ikiachwa ijiamulie inapunguza spidi ya shata, yaani inakaa wazi muda mrefu zaidi, mguu wa mshambuliaji unageuka moshi. Ishikilie spidi kwenye 1/1000 ya sekunde, usishuke chini ya 1/500, kisha pandisha aiso, namba ya kamera kuuhisi mwanga: 400 mwanzoni, 1600 na hata 3200 mwishoni. Picha itakuwa na chenga, punje punje kama mchanga. Sijawahi kuona mchezaji anakataa picha ya goli lake kwa sababu ya chenga.

Ukienda kununua lenzi ya mkononi, beba tochi ya simu. Mulika upande wa nyuma, chungulia mbele. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na huku kwetu kwenye unyevu wa ziwa inaota upesi. Rudisha lenzi, aga kwa adabu, ondoka, hata akupunguzie nusu ya bei.

Dada, salaam. Nafundisha michezo Sengerema, na kila mashindano ya shule nabeba begi la vifaa vyote. Jioni bega la kulia linawaka moto. Je, nitafute begi la mgongoni la kitaalamu? — Mwalimu wa michezo

Salaam sana mwalimu. Kabla ya begi, lipeleke hilo ulilo nalo dukani kwa Mangi, mwombe alipime kwenye mzani wa sukari. La kwangu liliwahi kufika kilo tisa: kamera mbili, lenzi tatu, kompyuta, tripodi ya miguu mitatu, na flashi ambayo uwanjani mchana haikuwa na kazi yoyote. Nililibeba hivyo hadi uwanja wa Kirumba, nikakaa dakika 90, nikarudi nyumbani. Usiku nikakagua picha: zote, ukiacha nne, zilipigwa kwa lenzi moja. Nilikuwa nimetembeza vyuma mjini kama punda wa chokaa.

Siku hizi natoka na kamera moja, lenzi ndefu, lenzi fupi ndogo ya shangwe na makocha, betri mbili, kadi mbili, na chupa ya maji ambayo haikai chumba kimoja na kamera. Kilo tatu na kidogo. Begi ni la shule, la mwanangu, na ndani nimepanga kitenge kikuukuu kilichokunjwa mara nne. Halina nembo ya kampuni ya kamera, kwa hiyo stendi hakuna anayeligeukia mara mbili.

Mkanda uvushe kifuani, kamera ikae kiunoni kama mkoba wa kondakta. Kwenye bodaboda begi liwe kifuani, kati yako na dereva. Nyuma mgongoni kila tuta linalirusha, na huoni nani kafungua zipu. Kwenye daladala lipakate.

Tripodi iache nyumbani, waamuzi na wachezaji wataiparamia. Kinachosaidia ni mguu mmoja, monopodi. Kama hela haipo, tafuta bolti ya robo inchi, ile inayoingia kwenye tundu chini ya kamera, ifunge kamba ndefu inayofika chini, ikanyage kwa mguu na uivute juu kamba ikaze. Bolti iwe fupi na uikaze kwa vidole tu. Watu watakucheka kipindi cha kwanza.

Shikamoo. Naishi Bwiru na nataka kupiga mashindano ya mitumbwi, lakini naogopa maji, ya kwangu na ya kamera. Nisimame wapi? — Msichana wa Bwiru

Marahaba binti. Kuogopa maji ni akili. Mimi sikuogopa, sikiliza.

Mwaka 2014 nilipanda boti ya injini nifuate makasia kwa karibu. Nahodha akapenda kunifurahisha, akakata mbele ya wimbi la boti nyingine, na ziwa likaingia lote mapajani mwangu. Kamera ikanywa. Badala ya kuizima na kutoa betri, nikabonyeza kuona kama ipo hai. Ilikuwa hai, sekunde mbili, halafu harufu ya waya. Jirani akanishauri niizike kwenye mchele, nikaizika. Vumbi la mchele likaingia hata mahali ambapo maji hayakufika. Fundi aliyeifungua alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo: ikilowa, izime, toa betri na kadi, toa lenzi, futa, iache wazi kivulini penye upepo siku mbili tatu. Wewe una bahati, maji yetu hayana chumvi. Wenzako wa Unguja kamera zao huliwa na kutu.

Zamani tulifunika kamera kwa rambo na mambo yakaisha. Tangu Juni 2019 mifuko ile ni marufuku, na sibishani na sheria. Nimekata mkono wa koti la mvua, nimefunga mpira wa nywele mbele kwenye lenzi, unatosha.

Pa kusimama: huku kwetu ziwa liko magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni kwako, linawapiga wapiga kasia usoni, na maji mara nyingi yametulia. Fika mapema. Alasiri mambo yanageuka: jua linatokea juu ya ziwa, upepo unavuma kuja nchi kavu, maji yanameremeta, na kamera ikidanganywa na mng'ao huo inawafanya watu weusi tii. Ongeza mwanga kwenye kamera hatua moja (+1), au kubali vivuli vyao na utafute umbo: kasia limepanda, mgongo umepinda. Spidi 1/1000 itashika hata matone. Kaa juu ya jiwe, Mwanza hatujapungukiwa mawe. Usiingie kwenye maji ya kina kifupi yenye majani ili upate picha ya chini. Kichocho kiko humo, na hakijali kama una lenzi nzuri. Ukialikwa botini, jaketi okozi kwanza, kamera baadaye.

Na wale wadudu wanaopanda ziwani kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo: wakitua kwenye kioo usiwafute, watapakaa kama mafuta. Wapulize. Ule mpira wa kunyonyea makamasi ya mtoto, unaouzwa duka la dawa, ndio kipulizio changu mwaka wa sita huu.

Mama, nimesikia una lenzi ya 300. Unaazimisha? — Jirani wa uwanja wa Nyamagana

Siazimishi. Niliazimisha mara moja, ikarudi na mchanga ndani ya pete ya fokasi, ukiizungusha inasaga kama jiwe la ulezi. Lakini njoo nisimamapo, karibu na kibendera cha kona. Nitakuwekea mkononi dakika kumi, mkanda ukiwa shingoni kwangu.