Muulize Fizio: Wangu njiti harushi miguu kama wa jirani

SWALI: Habari daktari. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, niko Kayole. Nilijifungua nikiwa wiki ya 31, mtoto akakaa kwa inkubeta karibu mwezi mzima, akawekewa oksijeni, akawekwa pia chini ya zile taa za buluu juu ya macho kuwa ya manjano. Saa hii ako na wiki 16. Jirani alizaa wiki moja na mimi, wake anarusha miguu huku na huku, wangu anajinyoosha tu polepole kama mtu anaamka. Kliniki niliambiwa ningoje, kama hajakaa akifika miezi tisa ndio nirudi. Shosho yake anasema njiti ni hivyo, atachangamka. Sasa kwa grupu ya WhatsApp wanasema ati kuna vidio unachukua ya mtoto akiwa mdogo hivi inaonyesha kama ako na mtindio wa ubongo. Ni ukweli ama ni stori?
Mama Njiti, Kayole

JIBU: Mama Njiti, pole na hongera kwa kumfikisha hapo. Ni ukweli, lakini kabla ya simu chukua kalenda. Mimba ni wiki 40, wako alitoka 31, kwa hivyo alikuja wiki 9 mapema, na hizo unazitoa kwa umri wake. 16 toa 9 ni 7. Wako kwa hesabu ya ubongo ako na wiki saba tu na wa jirani ako na 16 kamili, sasa unawalinganishaje? Kujinyoosha huko polepole kwa wiki saba ni kawaida, kama mwendo unabadilikabadilika, mara mkono mara kiuno mara mguu. Chenye hatutaki ni mwili wote kukakamaa mara moja, mikono miguu na mgongo, halafu vyote vilegee pamoja kama mwavuli umefunguliwa ukafungwa, tena na tena.

Vidio yenyewe inatafuta kitu kingine. Kuanzia kama wiki ya 9 mpaka 20 (umri uliorekebishwa, sio ule wa kwa kitabu cha kliniki) mtoto mzima akiwa macho na ametulia huwa na vijimiondoko vidogo vidogo vya shingo, mabega, viganja, vifundo vya miguu, kila upande, bila kuchoka. Umewahi kuangalia maji ya chai kabla hayajachemka, vile vipovu vinatokea hapa na pale kwa sufuria? Ni kama hivyo. Aliyetufundisha kuviangalia ni daktari mmoja Mwaustria, Heinz Prechtl, na mwaka 1997 yeye na wenzake walichapisha habari za watoto 130 waliofuatwa: 60 kati yao vijimiondoko havikuwepo ama havikuwa sawa, na 57 kati ya hao wakaja kuwa na shida ya neva, wengi wao mtindio wa ubongo. Kwa wale 70 waliokuwa navyo vizuri, 67 walikua sawa. Ukiangalia hesabu hiyo utaona pia kuna watatu watatu waliodanganya kila upande, kwa hivyo vidio moja si hukumu.

Wako basi mchukue akiwa na wiki 21 hadi 25 tangu azaliwe, yaani wiki 12 hadi 16 za umri uliorekebishwa. Kwa mtoto aliyetimiza miezi ni rahisi kukumbuka, ni karibu na ile chanjo ya wiki 14. Mlaze chali kwa shuka isiyo na maua mengi, abaki na vesti na daipa, mikono na miguu wazi. Najua baridi ya Nairobi mwezi wa saba, mtoto anavalishwa boshori, sweta mbili, soksi na blanketi mpaka amekuwa kama kabichi, na ndio maana hata sisi kwa kliniki hatuoni chochote, so chagua mchana kukiwa na joto ama funga dirisha. Simama upande wa miguu, simu juu, mwili wote uonekane pamoja na vidole. Dakika tatu hadi tano. Asiwe analia, asiwe na njaa, usimchekeshe, hakuna kelele za kuchezesha, hakuna pasifaya. Ukiituma WhatsApp itume kama dokumenti, la sivyo inaminywa mpaka vidole vinapotea. Na uitume kwa mtu aliyefunzwa kuisoma. Kwa hospitali kubwa uliza fizio ama daktari wa watoto, usiiweke kwa grupu.

Lakini usikae hizo wiki tano ukingoja. Njiti, oksijeni na manjano tayari vinatosha kumfuatilia, rudi na karatasi za kutoka hospitali uombe apimwe neva kwa mkono, kuna kipimo cha vitu 26 ambacho hakihitaji mashine hata moja, kinaanza kutumika akiwa miezi miwili. Kungoja miezi tisa hata mimi niliwahi kumwambia mama mmoja nikiwa mgeni kazini, mtoto anakakamaa hapo mbele yangu, kwa hivyo simlaumu sana aliyekuambia. Usimsikize tu.

SWALI: Wangu ana miezi saba, alizaliwa siku zimetimia lakini alichelewa kulia. Anashika kila kitu na mkono wa kulia, wa kushoto amekunja ngumi. Mama yake anasema atakuwa wa kulia kama mimi. Vidio bado?
Baba Twiga, Umoja

JIBU: Vidio wakati wake umepita, vile vijimiondoko huisha karibu miezi mitano. Lakini Baba, mtoto hachagui mkono kabla ya mwaka mmoja, akichagua mapema hivyo maana yake huo mwingine unamshinda. Nenda wiki hii, na useme kwa mlango kwamba alichelewa kulia. Mazoezi ya kuufanya mkono wa kushoto ufanye kazi yanaanza sasa, hata kabla mtu hajaandika jina la ugonjwa kwa faili.

SWALI: Kuna programu ya simu inasoma hizo vidio yenyewe?
Msomaji, Pipeline

JIBU: Norwei na Australia wamefanya utafiti, kompyuta inafuata viungo vya mtoto kwa vidio. Bado jicho la mtu aliyefunzwa ndilo tunalolitegemea, kwa hivyo mtu akikuomba pesa ya M-Pesa akupimie mtoto kwa simu, mkatie.