Re: Kipa wa Ukraine 2006 ndiye aliyekuwa kocha wa Dynamo Kyiv 2025?

Salama mkuu. Umeuliza kama kipa aliyeitoa Uswisi kwa penalti Kombe la Dunia 2006 ndiye kocha aliyeipa Dynamo Kyiv ubingwa wa 2025, maana mwenzako anakazania kuwa kipa yule alikuwa Pyatov.

Ndiye. Oleksandr Shovkovskiy. Pyatov alikuwamo kikosini Ujerumani, ila benchi. Enzi zake langoni zilikuja baadaye.

Ubishi wa makipa mimi huanza kuuamua kwa klabu. Pyatov ni wa Shakhtar. Shovkovskiy hakuwahi kuchezea timu ya wakubwa nyingine zaidi ya Dynamo, mpaka akatundika glavu 2016. Halafu mwambie mwenzako atafute video ya mechi ile ya Cologne, 26 Juni: dakika 120 bila bao, Shevchenko mwenyewe, nyota wa Ukraine, anakosa penalti ya kwanza, kisha Shovkovskiy anaipangua ya Streller wa Uswisi, Barnetta anagonga mtambaa panya, na ya Cabanas inapanguliwa pia. Uswisi wakatoka bila kufunga hata moja! Hakuna kipa aliyekuwa amefanya hivyo Kombe la Dunia kabla yake.

Ukocha hakuuanzia juu. Alikuwa msaidizi wa Shevchenko huyo huyo alipokuwa kocha wa timu ya taifa, baadaye wa kocha Lucescu pale Dynamo. Lucescu alipoondoka 2023 akakabidhiwa timu, na msimu wa 2024/25 akachukua ligi bila kufungwa mechi hata moja.

Kama mliwekeana soda, kadai yako.